Duara la Bluu Getini

Rangi ilikuwa imebaki kwenye kopo, na mimi sipendi kitu kibaki. Ndivyo makosa yangu mengi yanavyoanza. Tulikuwa tumemaliza kupaka bodi ya toyo yetu, ile pikipiki ya magurudumu matatu tunayozolea taka, bluu ya kung'aa mpaka dereva wetu akasema sasa inafaa kubebea maharusi. Chini ya kopo ikabaki rangi ya kutosha kupaka kigoda kimoja. Nikaifunika vizuri, nikaisukuma chini ya kitanda.

Kikundi chetu cha usafi, pale Katandala, kilikuwa na watu sita na mwenyekiti nilikuwa mimi. Mguu wangu wa kushoto ulidumaa nikiwa na miaka mitatu. Natembea kwa gongo la kwapani, na nina mdomo. Wenzangu walinichagua kwa sababu ya mdomo. Nilipokwenda ofisi ya mtaa kudai jambo, nilisikika mpaka kwa wapima mahindi walioko nje.

Utaratibu wetu wa kazi ulikuwa ule ule wa kila mahali. Jumatano na Jumamosi dereva anasimamisha toyo mwanzo wa kichochoro, anapiga honi mara tatu, na kila nyumba inaleta kiroba chake. Asiyeleta anabaki nacho. Akizidi kukaa nacho, bwana afya anapita na karatasi yake ya onyo. Ni utaratibu mzuri kabisa kwa mtu mwenye masikio, macho na miguu.

Siku iliyoniudhi ni ya babu mmoja asiyeona. Yeye alikuwa akiifuata honi kwa sauti. Siku hiyo dereva alisogea mbele kidogo kupisha lori, honi ikalilia mahali pengine, na babu akaifuata moja kwa moja hadi mtaroni, kiroba kimekumbatiwa kifuani. Hakuvunjika. Alikaa kwenye yale maji meusi akicheka, anacheka ili watu wasimwonee huruma, na kule kucheka ndiko kulikonichoma. Jioni hiyo hiyo nikaitisha kikao. Nikasema kuanzia sasa, nyumba yenye mtu mwenye ulemavu tunaingia ndani hadi mlangoni na tunabeba wenyewe. Walikubali wote, nusu kwa moyo na nusu kwa kuniogopa.

Tatizo likawa kukumbuka. Wabebaji wa Jumatano hawakuwa wale wa Jumamosi. Mama mmoja wa kiti cha magurudumu akarukwa mara mbili mfululizo, inzi wakajaa uani kwake.

"Mwenyekiti," dereva akaniambia, "nyumba zote hizi mimi siwezi kuzishika kichwani. Niwekee kitu nikione."

Nikalikumbuka kopo langu chini ya kitanda.

Mzee wa ofisi ya mtaa alinitajia nyumba tisa. Nilipanga kupaka kila geti duara dogo, ukubwa wa mdomo wa kikombe, upande wa kulia, usawa wa kifua. Jumatatu nikatoka na mwenzangu wa kikundi, kiziwi tangu kuzaliwa, ambaye kabla ya kuja kwetu alikuwa fundi seremala. Yeye alishika kopo, mimi nikashika brashi. Tulizungumza kwa mikono, kwa ishara tulizozitunga wenyewe kazini, na tuligombana kwa mikono vilevile.

Kwa babu asiyeona tulipokelewa kwa utani. Aliigusa rangi mbichi kwa kidole, akauliza, "Sasa mimi hii nitaionaje?" Kwa mama wa kiti cha magurudumu tulipewa togwa. Nilikuwa nimefurahi. Niseme ukweli, nilikuwa nimejivuna. Nilijiona mtu wa kwanza mjini kwetu kufikiria jambo hili, na kila duara nililopaka niliona kama sahihi yangu.

Nyumba ya tisa ilikuwa ya mama muuza dagaa. Alipanda kuja mjini kutoka Wampembe, ziwani, na bintiye mmoja. Binti huyo alikuwa darasa la saba, na ni mtoto mwenye ualbino. Nilishamwona mara kadhaa. Mama akiwa sokoni, binti ndiye anayetoa taka. Toyo inapita saa saba, jua la utosi, na yeye hutoka mbio na kiroba, khanga imemfunika hadi usoni, macho kayafinya kwa mwanga. Ngozi yake hailitaki lile jua, na macho yake hayaoni mbali. Nikasema huyu naye tutamfuata mlangoni, apumzike.

Hapakuwa na mtu. Geti la mbao lilikuwa limefungwa kwa kufuli kubwa, mchana kweupe. Nikacheka peke yangu. Mtu wa dagaa na ndoo mbili anafunga kufuli la benki, anamwogopa nani?

Nilipoinua brashi, fundi alinishika kifundo cha mkono. Akatikisa kichwa. Akaonyesha lile kufuli, akaonyesha barabara huku na kule, akagusa macho yake, kisha akapitisha kiganja juu ya ngozi ya mkono wake. Nilimwelewa nusu. Nusu iliyobaki sikutaka kuielewa, kwa sababu kwapa lilikuwa linaniuma, vumbi lilikuwa limenijaa puani, na mwenyekiti ni mimi. Nikauvuta mkono wangu, nikapaka. Tena lile la tisa lilitoka zuri kuliko yote.

Jumatano asubuhi dereva alikuja kwangu kwa miguu, bila toyo. Nikajua kuna kitu, maana dereva yule haendi hata chooni bila toyo.

"Mwenyekiti, kuna noma kwa mama wa dagaa."

Akanisimulia amesimama. Mama alirudi kutoka sokoni Jumatatu jioni akaiona alama. Tangu hapo hajauza. Binti hajakwenda shule, na mtihani wa darasa la saba ni wiki inayofuata. Wamejifungia ndani, mama ana panga, majirani wanalinda geti kwa zamu. Na ameshaomba nafasi kwenye gari la kesho alfajiri liendalo Wampembe. Anamrudisha mtoto ziwani.

Mtu wa kwetu haelezwi maana ya alama kwenye nyumba ya mtoto kama yule. Tumeishi miaka ya kusikia habari redioni na kupunguza sauti haraka ili watoto wasisikie. Wapo watu walioamini kwamba kiungo cha mwenye ualbino kinaleta utajiri, na wapo waliotumwa kukifuata. Na ilisemwa kwamba kwanza hupita mtu mmoja mchana, mtu wa kawaida tu, anaiangalia nyumba na kuiachia alama. Wenye kazi yao huja baadaye. Watu wa mbali huutania mji wetu kwa mambo ya uchawi, na sisi hucheka nao ili yaishe. Lakini hili hakuna aliyelicheka. Nililijua kama kila mtu alivyolijua, na ndiyo sababu siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Akienda Wampembe kesho, mtihani umekwenda. Jina lake liko kwenye shule ya hapa, namba yake iko hapa. Miaka saba ya kusoma daftari likiwa limegusa pua ingeishia kwenye duara langu.

Nilichukua gongo nikatoka. Fundi alikuwa nje, akanifuata. Upepo wa Septemba ulikuwa unasukuma vumbi kichochoroni, na kila mtu niliyempita aliniamkia kwa adabu kama kawaida, nami nikaitikia marahaba. Njiani nikaona kwamba chini ya ukucha wa kidole gumba changu bado kuna bluu. Nikakifumbata ndani ya ngumi.

Getini walikaa wanaume watatu juu ya mawe, fimbo magotini. Duara langu lilikuwa juu ya vichwa vyao, linang'aa.

"Mama, hapa leo hapaingiliki," aliniambia mmoja wao, bwana mnene mwenye mashine ya kusaga nafaka mtaa ule. "Tunamsubiri aliyeweka hii. Tukimpata hatapata muda wa kusimulia."

Nilikuja kukiri. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Mdomo wangu, ule niliochaguliwa kwa ajili yake, ukagoma. Nilisimama pale nimefumbata kidole changu, nikasema kitu cha kijinga kuhusu vumbi.

Ndipo yule bwana alipotazama mikono ya fundi. Fundi ndiye aliyeshika kopo. Vidole vyake vilikuwa na madoa ya bluu hadi kwenye viungo, na hakuwa ameyaficha kwa sababu hakusikia kilichokuwa kikisemwa. Alikuwa amesimama tu, akiliangalia geti kwa jicho la seremala.

Bwana akainuka, akamkamata kola. "Hii rangi umeitoa wapi?"

Fundi alimtazama midomo. Akanitazama mimi. Wale wawili nao wakasimama. "Jibu! Umetumwa na nani?" Akatikiswa mara ya kwanza, mara ya pili, kofia ikaanguka, na fimbo moja ikapanda juu. Nilikaa kimya. Haikuwa muda mrefu, labda kiasi cha kuvuta pumzi mbili, lakini nilikaa kimya, na pumzi hizo mbili bado ninazo.

"Mwachieni!" Sauti ilitoka mwishowe, tena ilitoka yote. "Nimepaka mimi! Mwachieni huyo, hasikii! Ni mimi!" Nikakiinua kidole gumba juu kama mtoto anayeomba ruhusa darasani.

Fimbo ikabaki hewani. Wakanitazama, mimi, gongo langu, ukucha wangu. Nadhani kama ningekuwa na miguu miwili mizima ningepigwa. Ndipo tukasikia komeo likivutwa kwa ndani.

Mama muuza dagaa alifungua geti nafasi ya bega moja. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, na mkono mmoja aliuacha nyuma ya ubao, ule wenye panga.

"Wewe?" akauliza.

"Mimi, dada."

"Nimekukosea nini?"

Nikamweleza. Toyo, honi, babu mtaroni, jua la saa saba, binti na kiroba. Nilieleza vizuri sana, na kadiri nilivyoeleza ndivyo maneno yalivyozidi kuwa mepesi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa.

"Dada," akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "mimi nilihama ziwani kwa sababu kule kila mtu anaijua nyumba yangu. Hapa majirani wanajua, sawa. Hawa nimewaamini mmoja mmoja, wengine imenichukua mwaka. Lakini anayepita barabarani hajui. Miaka minne hajui. Nywele za mwanangu nikizinyoa nazichoma jikoni mwenyewe, hata kiroba chenu hakijawahi kuziona. Wewe umekuja siku moja umemwandikia mpita njia."

"Nisamehe. Nitaifuta sasa hivi."

"Na kwako umepaka?"

Sikuelewa. "Kwangu?"

"Kwako. Si una gongo? Geti lako umelipaka?"

Nyani haoni kundule. Nyumba tisa nilizipaka na yangu ilikuwa ya kumi, tena mzee wa mtaa hakunitajia kwa heshima tu. Haikunijia hata akilini. Mimi kiroba changu nilikuwa nikikikokota mwenyewe mpaka kwenye toyo kwa ubishi, jasho likinitoka, ili mtu yeyote asithubutu kuingia uani kwangu kunisaidia. Wengine niliwaweka kwenye orodha. Mimi nilibaki mwandika orodha.

"Hapana," nikasema. "Sikupaka."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu alilokuwa nalo tayari.

Dereva, aliyefika muda huo na toyo, akaleta petroli kwenye chupa. Tukasugua kwa kitambaa. Bluu ikatanuka, ikaingia kwenye nyufa za ubao, duara la kikombe likawa la sahani. Bwana wa mashine akakimbia kuleta msasa. Tukasugua mpaka ubao ukawa mweupe, na lile geti lilikuwa kuukuu, jeusi kwa mvua za miaka. Doa jeupe likaonekana hata kutoka ng'ambo ya barabara. Fundi akapiga ishara ya kung'oa ubao ule mmoja na kupigilia mwingine. Nikamtafsiria mama.

"Ubao mpya katikati ya mbao kuukuu," akasema. "Hiyo nayo si alama?"

Jua lilishaanza kuelekea magharibi na gari lilikuwa la alfajiri. Nyuma yake, uani, niliona godoro limekunjwa na kufungwa kamba, na juu yake begi la shule. Tunaambiwa wema hauozi. Mimi nazoa taka, na sijaona bado kitu kisichooza.

Fundi ndiye aliyeanza. Alinyoosha mikono akalipima geti lile, kona hadi kona. Akasimama akifikiri. Kisha akanyoosha kidole upande wa kwangu. Geti langu alilitengeneza yeye, miaka mingi kabla ya kikundi, kwa mbao zile zile za msindano, na lilikuwa limepigwa na mvua zile zile. Alikuwa anauliza. Safari ile hakunishika mkono, aliniachia nijibu mwenyewe.

"Chukueni langu," nikasema.

Walilibeba wanne. Yule bwana wa mashine alishika kona ya nyuma, na fundi ya mbele, na kofia ya fundi alikuwa amemwokotea na kuipangusa. Mpaka jua linagusa vilima, geti langu lilikuwa limesimama kwa mama wa dagaa, bawaba zimepakwa mafuta, kufuli lake kubwa limerudi mahali pake. Mama alitoka barabarani. Akaenda hadi mwisho wa kichochoro, akageuka, akaja akitembea kama mgeni anayepita, akiangalia nyumba moja baada ya nyingine. Akafanya hivyo tena kutoka upande wa pili.

Binti alitokeza mlangoni, kitabu mkononi. "Shikamooni," akasema, na tukaitikia wote kwa pamoja. Kisha akamgeukia mama yake. "Kwa hiyo kesho hatuendi?"

Mama alilitazama geti.

"Ingia ndani ukasome," akasema.

Alifanya mtihani. Asubuhi zote za mtihani nilisimama uani kwangu kwenye baridi nikiwaona wakipita, binti na kofia pana, mama pembeni yake upande wa barabara. Mama hakunisalimia, wala sikutegemea. Zile nyumba nane nilirudi moja baada ya nyingine nikauliza, jambo nililotakiwa kuanza nalo, na wote wakataka alama ifutwe isipokuwa babu, aliyesema yake haimsumbui macho. Kisha nikaitisha kikao kingine, kirefu na cha kelele. Tukaamua toyo iingie kila nyumba, ya mzima na ya mgonjwa, ya aliye na miguu na asiye nayo, kiroba kichukuliwe mlangoni kwa kila mtu. Kazi ikawa ndefu. Mwenzetu mmoja alikasirika akaacha. Lakini hapakuwa tena na nyumba ya kukumbukwa, na alama haikuwa na kazi.

Geti la mama wa dagaa liko kwangu. Ni refu kidogo kwa nguzo zangu, linaburuza chini, kila nikifungua lazima nilinyanyue kwa bega. Doa lake jeupe lenye ukingo wa bluu liko usawa wa kifua. Fundi alijitolea mara mbili kulipaka lote rangi moja, nikakataa. Nilidhani kulibeba lile doa ndiyo adhabu yangu, na kwamba nimeshaimaliza.

Jumapili moja, nimetoka misa, nilikaa kizingitini kuchambua mboga. Mwanaume nisiyemjua akapita barabarani. Alipofika kwangu akapunguza mwendo, akaliangalia lile doa, akaniangalia mimi, akauangalia mguu wangu. Pengine alikuwa akitafuta nyumba ya ndugu yake. Akaitazama nyumba, madirisha yake, mlango wake, halafu akaendelea na safari. Mboga zilikuwa zimenianguka mapajani.

Jumatatu yake nilikwenda sokoni mapema, nikanunua kufuli.